Kope Zangu Kwenye Hadubini

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye hadubini ni kope zangu mwenyewe. Mwaka ulikuwa 2004, nipo kidato cha tatu. Hadubini ya shule ilikuwa moja tu na ilikaa kabatini kwa mkuu wa shule pamoja na vikombe vya michezo. Siku ilipotolewa, mwalimu wa baiolojia aliibeba mwenyewe, mkono mmoja shingoni na mwingine chini ya kitako, huku mwanafunzi mmoja akimtangulia kufungua milango. Aliiweka kwenye meza karibu na dirisha, akainama, akazungusha hiki na kile kwa muda mrefu, kisha akatuambia tupange foleni tuone seli za kitunguu.

Tulikuwa 84. Foleni ilikwenda kama ya kuaga mwili: unainama, unatazama, unapita. Wa kwanza akainuka akasema "nimeona". Wa pili, "nimeona". Nilipofika mimi nikakuta duara la mwanga mweupe, na ukingoni mwake vijiti vyeusi vinachezacheza. Nikifumba jicho vinashuka, nikifumbua vinapanda. Nilijua kabisa kwamba hicho si kitunguu. Lakini nyuma yangu kulikuwa na watu zaidi ya 60 wanaosukumana, na mwalimu alikuwa ameshatazama saa mara mbili. Nikainuka.

"Nimeona," nikasema.

Jioni nikachora. Nilichukua kitabu, nikanakili seli ya kitunguu kama ilivyo: matofali yaliyopangwa vizuri, ukuta wa seli mistari miwili, kiini katikati kama kiini cha yai, mistari ya majina imepigwa kwa rula. Nikapata 9 kati ya 10. Ile moja niliyokosa ni kwa sababu sikuandika picha imekuzwa mara ngapi. Hakuna aliyeniuliza ningewezaje kuijua.

Mwaka juzi niliwauliza wenzangu kwenye kundi la WhatsApp la darasa letu: nani siku ile aliona seli kweli? Vicheko vilijaa kwenye simu hadi usiku. Mmoja, ambaye sasa ni nesi, aliandika, "Mimi niliona giza. Nikasema nimeona giza? Nikasema nimeona."

Chuoni, mwaka 2008, tulikaa wawiliwawili kwa hadubini moja, na maabara ilikuwa chini ya fundi mmoja mtu mzima tuliyemwita Mzee, basi. Hakuwa mhadhiri. Kazi yake ilikuwa kuandaa vifaa, kuosha slaidi, vile vipande vya kioo vya kuwekea kinachotazamwa, na kuzuia tusivunje vitu. Nusu ya ninayoyajua kuhusu hadubini yametoka kwake.

Siku ya kwanza nilijitahidi. Nilichungulia hadi nikaona kitu, na safari hii hakikuwa kope. Kilikuwa duara safi lenye ukuta mnene mweusi na ndani kweupe. Nikakichora kwa uangalifu mkubwa. Mzee akapita nyuma yangu.

"Binti, hiki nini?"

"Seli, Mzee."

"Seli ya nini?"

"Ya kitunguu."

Akainama akachungulia. Kisha akachukua penseli yangu, akagusa kidogo kile kioo chembamba cha kufunikia, kava slipu, kwa ncha ya nyuma. "Haya, tazama tena."

Seli yangu ilikuwa imehama. Ilikuwa imeungana na nyingine, likawa duara moja kubwa zaidi.

"Hilo ni povu la hewa," akasema. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye wala hakucheka. Alikitazama kile kipovu changu kwenye karatasi kwa muda, akasema, "Umechora vizuri. Umechora ulichokiona. Shida ni kwamba hujui ulichokiona, na hilo lina dawa. Lakini wale pale," akawaelekezea kidevu wenzangu wa meza ya mbele, "wamechora kitabu. Hao sijui niwape nini."

Kisha akavuta stuli akanionyesha. Kwanza macho yote mawili wazi, kwa sababu ukifumba moja unachoka baada ya dakika tano na linaanza kutoa machozi. Usigandishe jicho kwenye lenzi ya juu. Lirudishe nyuma kidogo, na zile kope zitaondoka. (Miaka minne nilikuwa nasubiri mtu aniambie hilo.) Anza na lenzi fupi kuliko zote, ile ya mara 4, hata kama una haraka, kwa sababu ndiyo inayoona eneo kubwa. Ukiitaka lenzi ikaribie slaidi, usichungulie. Inamisha kichwa uitazame kwa pembeni mpaka ikaribie kugusa, ndipo uchungulie na kuirudisha juu taratibu. Ukifanya kinyume, ukashuka huku unachungulia, utasikia mlio.

Mlio huo niliusikia wiki iliyofuata. Ni mdogo, kama mtu aliyekanyaga ganda la yai chumba cha pili, na watu wote maabara wanageuka.

Niliajiriwa mwaka 2011 kwenye sekondari moja ya kata wilayani Muheza. Baiolojia niliifundisha kwa chaki. Seli ilikuwa mchoro wa ubaoni, na nilikuwa hodari wa kuuchora. Maabara ilikuja na agizo la Rais Kikwete kwamba kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu, cha fizikia, cha kemia na cha baiolojia, mwisho Novemba 2014, na baadaye tarehe ikasogezwa. Walioishi vijijini miaka ile wanakumbuka michango. Wazazi walitoa fedha, mchanga, mawe na siku zao za shamba. Jengo letu lilipoezekwa lilikuwa na sinki zisizo na maji, na popo walihamia kabla yetu.

Hadubini zilikuja baadaye, mbili, za kioo. Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo mwanga unaukamata kwa kioo kidogo kilicho chini, chenye uso bapa upande mmoja na uso uliobonyea upande wa pili. Kosa la kwanza kila mtu analolifanya ni kukielekeza kwenye jua. Usifanye hivyo, jua likipita kwenye lenzi linaweza kukuharibu jicho. Unatafuta anga nyeupe, au kitu cheupe kinachomulikwa. Sisi tulihangaika wiki nzima na mawingu ya Usambara, mpaka tukagundua kwamba saa nne asubuhi jua linapiga ukuta wa choo cha walimu, ambao ulikuwa umepakwa chokaa kwa ajili ya ugeni fulani. Nuru ya baiolojia ya shule yetu ilitoka kwenye ukuta wa choo. Nikaenda kwa mwalimu wa taaluma kuomba vipindi vya vitendo vyote viwekwe saa nne, na sikumwambia sababu.

Sasa kitunguu. Wengi wanakosea hapa, kisha wanailaumu hadubini.

Unakata kitunguu vipande vinne, unachukua gamba moja nono la ndani, unalivunja kwa kulikunja kinyume. Pale lilipovunjika, upande wa ndani, utaona ngozi nyepesi inaning'inia, nyembamba kama ile iliyo ndani ya ganda la yai la kuchemsha. Hiyo ndiyo unayoitaka. Ivute kwa koleo ndogo au kwa kucha, ukate kipande kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Tone la maji linatangulia kwenye slaidi, ngozi inafuata juu yake, bila kujikunja, maana ikijikunja utaona matabaka mawili yamepishana na hutaelewa chochote. Kisha tone la iodini. Yetu tulinunua duka la dawa, ile ya vidonda, tukaizimua hadi ikawa na rangi ya chai iliyokosa majani. Mwisho ni kava slipu, na hii haidondoshwi. Unaisimamisha kwa ukingo mmoja kwenye maji, halafu unailaza polepole kwa ncha ya sindano, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia begani, ili hewa itoke upande wa pili. Ukiidondosha unapata mapovu, na mapovu mimi nayafahamu.

Kipindi cha kwanza niliandaa slaidi mwenyewe, nikarekebisha mwanga, nikapanga foleni. Ndiyo, foleni ileile. Mwalimu hufundisha alivyofundishwa hata akiwa ameapa hatafanya hivyo. "Nimeona, madamu." "Nimeona, madamu." Kumi na mbili mfululizo, na mimi nimesimama pale kifua mbele. Wa 13 alikuwa binti mdogo wa kidato cha kwanza. Nitamwita Mwanaidi, kwa sababu siyo jina lake.

"Madamu, mimi sioni kitu."

Darasa likacheka. Nikawanyamazisha, nikamuuliza anaona nini hasa.

"Mwanga. Na vitu kama miguu ya buibui, vinapanda na kushuka."

Nikaomba kuchungulia. Slaidi ilikuwa imesukumwa pembeni. Chini ya lenzi hapakuwa na kitunguu kabisa. Palikuwa na kioo kitupu. Sijui ilisukumwa na mwanafunzi wa pili au wa tano, lakini kwa vyovyote watoto kadhaa walikuwa wameona kope zao wakaniambia nimeona, na mimi nikawaitikia kwa kichwa.

Siku hiyo nilipiga marufuku neno "nimeona" katika maabara ile. Anayetoka kwenye hadubini anataja vitu vitatu: umbo, rangi, na nini kimegusana na nini. Ukiona mwanga mtupu, sema mwanga mtupu, na maksi yako unapata. Mwanzoni hawakuniamini. Mtoto aliyepita shule ya msingi anajua kwamba "sijui" ni jibu linaloleta fimbo, hivyo ilichukua karibu muhula mzima kabla hawajaanza kusema "madamu, kuna weusi upande wa kushoto sielewi ni nini" bila kuangalia mikono yangu.

Nikabuni na vijimambo. Nilikata herufi moja kutoka gazeti, "k" ndogo, nikaibandika kwenye slaidi iwe kazi ya kwanza ya kila mtu kabla ya kitunguu. Inaonekana imepinduka, chini juu na kushoto kulia. Ukisukuma slaidi kulia, picha inakwenda kushoto. Mvulana mmoja aliyekuwa anaendesha bodaboda ya kaka yake mwisho wa wiki alilalamika kwamba ni kama kurudisha gari nyuma kwa kutazama kioo. Nikamwambia basi wewe utakuwa wa kwanza kuzoea, na ndivyo ilivyokuwa. Nilibandika pia unywele mmoja mfupi ndani ya lenzi ya juu, ili nikisema "kile kilicho kwenye ncha ya unywele" sote tuwe tunazungumzia kitu kimoja. Wenye hadubini za kisasa wana mshale tayari.

Kulikuwa na suala la lugha pia. Kitabu ni cha Kiingereza, watoto wanatoka shule ya msingi na Kiswahili, na nusu ya kipindi inaishia kwenye majina. Nilipoandika "seli" ubaoni, sauti ikatoka nyuma: "Madamu, kumbe tuna selo mwilini?" Wakaangua kicheko, maana kituo cha polisi kilikuwa mita chache kutoka shuleni na kila mtu alikuwa na mjomba aliyelala humo. Nilitaka kukemea, kisha nikaona mtoto yule amegusa penyewe. Seli na selo zimetoka kwenye neno moja, na maana yake ya mwanzo katika Kilatini ni chumba kidogo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu cha mambo aliyoyaona kwa hadubini, na kimojawapo kilikuwa kipande chembamba cha gome, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Aliona vijichumba vitupu, vimepangana, akaviita kwa neno hilo. Alipiga hata hesabu, akapata kwamba katika inchi moja ya ujazo ya gome lile vingeingia vijichumba zaidi ya bilioni moja.

Lakini vilikuwa vitupu. Gome lile lilikuwa limekufa. Hooke aliona kuta, wenyewe walishaondoka. Gome hilo hatunalo Muheza, ila mkonge tunao mpaka wa kutupa. Tukatoa singa moja ya katani, tukaichambua kwa sindano ndani ya tone la maji, tukatazama. Mirija mirefu, kuta nene, ndani hamna kitu. Seli zilizokufa zamani, na kilichobaki ni ukuta, na ukuta huo ndio unaovuta ndoo kisimani. Watoto ambao babu zao walikata mkonge kwenye mashamba yale walitazama singa ile kwa heshima ambayo kitunguu hakikuwahi kuipata.

Na huyo Hooke kuna jambo moja napenda kuwasimulia. Delft, Uholanzi, alikuwepo muuza vitambaa aitwaye Antonie van Leeuwenhoek aliyesaga lenzi zake mwenyewe. Miaka ya 1670 aliwaandikia wanasayansi wa London kwamba maji yamejaa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Wakubwa wa London walijaribu kuviona wakashindwa. Leeuwenhoek alilazimika kutuma maandishi ya mashahidi, wakiwemo wachungaji, kwamba nao wamechungulia na wamewaona. Hata hivyo watu hawakuridhika mpaka Hooke alipojaribu tena mwenyewe, Novemba 1677, akawaona. Yaani hata wakati ule "nimeona" ya mtu mmoja haikutosha. Wanafunzi wangu walifurahi sana kusikia kwamba na wazungu walichungulia wakatoka kapa.

Sasa nirudi kwenye ile mistari miwili niliyoichora mwaka 2004, maana iliniletea matatizo. Kitabu kinaonyesha seli ya mmea ina ukuta nje, na ndani yake, umeugusa, kuna utando wa seli. Mistari miwili. Wanafunzi wangu nao walichora mistari miwili, na nilipowauliza huo utando wameuona wapi, walinyamaza. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuuona. Huwezi kuuona, umebanwa kwenye ukuta, na ni mwembamba mno kwa hadubini yetu. Nilikuwa nimefundisha miaka mitano kitu ambacho sikuwa nimekishuhudia, na hiyo inaruhusiwa, mradi usijifanye umekishuhudia.

Njia ya kuuona ni kachumbari. Kila anayepika anajua: kitunguu ukikikata, ukakitia chumvi na kukifikicha, kinatoa maji na kulegea, ukali unapungua. Chini ya hadubini inaonekana hivi. Chukua kitunguu chekundu, na safari hii ngozi ya upande wa nje wa gamba, ile ya zambarau. Ni ngumu zaidi kubandua na utaharibu vipande vitatu kabla ya kupata kimoja. Huhitaji iodini. Seli zinaonekana zimejaa rangi ya zambarau toka ukuta hadi ukuta, kama vibweta vya glasi vilivyojazwa juisi. Tia tone la maji ya chumvi ukingoni mwa kava slipu, weka karatasi ya tishu ukingo wa pili ivute. Subiri.

Dakika moja hakuna kitu. Kisha pembeni kabisa, kwenye kona ya seli moja, zambarau inaachana na ukuta. Mwanya mwembamba mweupe. Unadhani macho yamekudanganya. Halafu kona ya pili, halafu jirani yake, na baada ya dakika tatu kila kibweta kina tonge la zambarau limejikunyata katikati, rangi imekolea kuliko mwanzo, na ukuta umebaki pale pale kama fremu ya dirisha. Ukingo wa lile tonge ndipo utando ulipo. Mistari miwili ya kitabu imetengana mbele ya macho yako.

Mwanaidi, wakati huo yuko kidato cha pili, alikaa kwenye hadubini hadi wenzake wakaanza kulalamika. Alipoinuka hakutaja vitu vitatu. Alisema, "Madamu, kumbe chumvi haikiingii kitunguu. Inakinyonya." Kisha akauliza kama tukirudisha maji safi zambarau itarudi. Sikuwa nimejaribu. Tukajaribu. Nyingi zilirudi zikajaa tena, chache hazikurudi, na tukakubaliana kwamba hizo zimekufa, lakini kwa nini hizo na siyo nyingine hatukuweza kusema.

Vipimo tulivipata kwa rula ya plastiki ya senti chache. Ukiilaza chini ya lenzi ndogo, pale picha inapokuzwa mara 40 pamoja na lenzi ya juu, duara la mwanga la hadubini zetu lilikuwa na upana wa milimita 4.5. Kwa mara 100 linabaki milimita 1.8, na kwa mara 400 ni 0.45. Seli za kitunguu sita zilijipanga kwa urefu kwenye lile la mara 100, kwa hiyo moja ni milimita 0.3. Watoto wa hesabu mbaya walifanya hesabu hiyo bila kushurutishwa. Seli za shavu tulizikwangua kwa kijiti cha meno, kila mtu cha kwake na kinachomwa baadaye. Hazina ukuta, zimekaa hovyohovyo kama mayai yaliyokaangwa na mtu asiyejua, na saba hivi zinatosha kuvuka duara la mara 400.

Kituo cha afya cha jirani kilikuwa na hadubini nzuri kuliko zetu, na mtu wa maabara aliyekubali kuwapokea wanafunzi wangu sita Jumamosi moja. Huku kwetu malaria inahesabiwa: mtu anatoka hospitali anakwambia nimekutwa na wadudu watatu, na mwenzake anamjibu hiyo nafuu, mimi walinikuta kumi. Watoto walitaka kuwaona hao wadudu. Walitegemea miguu.

Alichowaonyesha ni slaidi ya zamani ya damu iliyotiwa rangi. Seli nyekundu zimetapakaa kama sahani za bati, na mmoja wao akagutuka papo hapo: "Mbona hazina kiini?" Kitabu kilikuwa kimemwambia kila seli ina kiini. Mtu wa maabara akacheka, akasema za mtu zikishakomaa hazina, hukitoa kabla ya kuingia kwenye mzunguko, lakini za kuku zinacho, siku mkichinja mtazame. (Tulitazama. Zinacho, na zimechongoka kama kokwa la tende.) Kisha ndani ya seli moja akawaonyesha pete nyembamba ya bluu yenye nukta nyekundu, kama pete yenye kito. Huyo ndiye mdudu. Hana mguu hata mmoja.

Nilimuuliza inachukua muda gani kupima mtu mmoja. "Inategemea jibu, mwalimu," akasema. "Ukimwona, umemwona. Ila kusema hayupo, ndipo kwenye kazi. Lazima nitazame maeneo 100 ya slaidi, moja baada ya jingine. Nikitazama 20 nikaandika hayupo, nimedanganya." Siku hizi vile vipimo vya haraka vya damu ya kidoleni vimempunguzia slaidi, na alilisema hilo kwa sauti ambayo sikuweza kujua ni shukrani au huzuni.

Niliyatumia yale maeneo 100 kwa wanafunzi mwaka mzima. Mtu akisema "sijaona", namuuliza umetazama maeneo mangapi.

Na ni yaleyale maeneo yaliyonirudia mimi. Mwaka jana, msimu wa mvua, seli zetu za kitunguu zikaanza kuonyesha nyuzinyuzi za kijivu, zenye matawi, zikikatiza juu ya kuta. Darasa la kwanza likaziona, la pili likaziona. Nilisoma, nikatafuta kwenye simu, nikashawishika kwamba ni ukungu uliokishambulia kitunguu kilichohifadhiwa vibaya. Nikauchora ubaoni kwa chaki ya rangi, nikafundisha kipindi kizima juu ya fangasi na nyuzi zake, na niliona fahari kwamba vitendo vyetu vimezaa somo ambalo halikuwa kwenye mpango.

Wiki ya tatu, mvulana mmoja wa kidato cha kwanza, mkimya, aliyekuwa na mazoea ya kushikashika vitu, aliinua mkono.

"Madamu, hizi nyuzi haziko kwenye kitunguu."

"Ziko wapi?"

"Nikisogeza slaidi, kitunguu kinakwenda, zenyewe zinabaki. Nikizungusha hii lenzi ya juu, zinazunguka nayo."

Nikaenda, nikaweka jicho, nikashika lenzi kwa vidole viwili nikaizungusha. Matawi yangu yote yakageuka taratibu pamoja na vidole vyangu, duara kamili. Ukungu ulikuwepo kweli. Ulikuwa umeota ndani ya lenzi, kwa unyevu wa kabati, na wanafunzi wangu walikuwa wamechora kwa uaminifu mkubwa uchafu wa hadubini yetu kwa wiki tatu.

Siku hizi lenzi zinalala kwenye kopo la maziwa la bati lenye mfuniko, juu ya mchele niliouchoma kwenye kikaango ili unyonye unyevu. Mchele naubadilisha kila mwezi. Lakini asubuhi ile kabla ya kopo na mchele, kwanza nilichukua dasta, nikauendea ule mchoro wangu wa ubaoni, na yule mvulana akaniuliza kama na wao wafute kwenye madaftari. Nikawaambia wauache, waandike tu pembeni yake ulikuwa wapi.